Matawi Mabichi kwenye Njia ya Mwadzuwe

Mwamrombo, nyuma ya Kinango
Jumapili, 20 Juni 1999

Kwa mwanangu Kadzo,

Salamu zangu ni nyingi kama popo wa Mwadzuwe wanapotoka pangoni jioni. Hakuna awezaye kuwahesabu, basi wewe zipokee zote. Hapa tu wazima. Baba yako ni mzima, mguu wake ni ule ule haukunjiki, na mdomo wake ni ule ule haufungiki. Mahindi tumeyavuna na tumeyapandisha darini juu ya moshi. Sijui wewe. Umekula? Usiniandikie kwamba umekula kama hujala, mimi nitajua.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wetu wa ngumbaru asema herufi zangu hulala kama mbuzi waliochoka, lakini zasomeka. Basi zisome.

Sasa sikiza. Abdurahman wa mbuzi amerudi kutoka huko kwenu. Hata chai hajanywa, ameniambia, "Mama Kadzo, binti yako nimemwona Bongwe ndani ya Landirova." Nikamuuliza, alikuwa amekaa wapi? Akasema, "Upande wa usukani." Nikamwambia, "Abdurahman, miwani yako imepasuka kioo cha kulia tangu Idi, na usukani uko kulia." Akacheka, akaapa Wallahi. Nikamtazama baba yako, naye akatazama juu kama mtu aliyeona ndege.

Kadzo, wewe kazi yako ni kufua mashuka ya hoteli. Shuka halipinduki. Wajua neno nililolisema siku lori la makaa lilipopinduka pale mto Kadingo, baba yako akiwa utingo juu ya magunia. Nilisema mguu wangu hautakanyaga gari tena maishani, na hakuna mtoto niliyemzaa atakayeshika usukani. Tangu siku hiyo Kinango naenda kwa miguu na narudi kwa miguu, jua na mvua. Sikusema kwa mchezo.

Niambie kwamba miwani ya Abdurahman imepasuka, nilale.

Nimempa kuku akuletee. Ana wasiwasi huyo kuku, mfunge miguu.

Ni mimi mama yako,
Dama wa Tsofa


Diani
27 Juni 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Shikamoo baba. Barua nimeipokea, na kuku nimempokea, ingawa si mara moja. Alimponyoka Abdurahman mbele ya mapokezi ya hoteli, akapita kati ya viti vya wageni, akaruka juu ya meza ya vinywaji. Wageni walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya burudani. Tumemla jana na wenzangu wa dobi. Alikuwa mtamu.

Mambo ya Bongwe usiyatie moyoni. Lile gari ni la safari za wageni, na dereva wake ni Elphas, mtu wa Kakamega. Alikimbilia kwao wakati wa zile fujo za Likoni mwaka juzi, sasa amerudi. Siku ile alishuka kununua maji, nami nikahamia kiti chake kwa sababu ya jua. Basi.

Lakini mama, nina habari! Keti kwanza. Nakuja nyumbani, na siji peke yangu!

Mwenye safari hizo ni Bi Gillian, yule mzungu mrefu niliyekuandikia habari zake, anayetembea haraka kama anafukuzwa na nyuki. Siku moja alinisikia nikiwasimulia wenzangu habari za mapango ya Mwadzuwe, yale matatu, na lile kubwa lenye tundu juu ambamo jua huingia kama nguzo. Akasimama, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Mama, wageni wamepungua tangu zile fujo, na hawa waliobaki wamechoka kuona mchanga na maji. Bi Gillian ataka kuwapeleka mahali ambapo hapajawahi kwenda mgeni.

Basi amepanga safari ya kujaribu, na dobi nimetoka! Nakwenda kama mpishi wa safari. Ameniambia maneno yake wazi: "Kadzo, safari ikifika na gari likarudi salama, kazi ya safari ni yako moja kwa moja. Likikwama ama likavunjika, unarudi kwenye mashuka." Silali kwa furaha. Na kwa hofu kidogo.

Elphas ana maswali, nayaandika kama alivyoyauliza. Mchanga wa Kadingo siku hizi unazama kiasi gani, mpaka kifundo ama zaidi? Zile mvua za Elinino zilikula ukingo upande gani? Lile jiwe jeusi kwenye mteremko bado limetokeza katikati ya njia, na gari likipita kushoto kwake kuna nafasi? Na juu kilimani kuna mahali pa kugeuzia, ama ni kurudi kinyumenyume?

Nawe mama, nakuomba utupigie hodi pangoni. Nimemwambia Bi Gillian kwamba bila binti wa ukoo kupiga hodi, hakuna anayeingia. Akaniuliza, "Huyo binti yuko?" Nikasema, "Yuko, ana wajukuu wanne."

Mwanao,
Kadzo


Mwamrombo
4 Julai 1999

Kwa mwanangu Kadzo,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu mara mbili.

Wageni! Mwadzuwe! Barua nimeisoma mbele ya baba yako, kisha nikatoka nje nikaisomea ukuta, kisha nikaenda kisimani nikawasomea wanawake wote. Kadzo mke wa Kombe, wajina wako, amedondosha ndoo. Sasa hapa hakuna mazungumzo mengine. Wanauliza, hao wageni wanakula nini? Mihogo wanakula? Wakipewa uji wa mtama watakunywa ama watautazama tu? Niambie mapema. Sitaki mtu atoke kwangu na njaa halafu aende akaseme.

Hodi nitapiga mimi. Waambie mapema, wasije wakafika wakashangaa: mlangoni wanavua viatu. Hakuna kupiga mbinja. Nikiita hodi wanangoja mpaka popo watulie, kwa maana popo wakiruka ni kwamba nyumba bado haijakubali. Wakitulia tunaingia, mimi mbele. Hata mkuu wa wilaya akija atangoja.

Sasa maswali ya huyo Elphas. Mwambie njia ni nzuri. Njia haina neno lolote. Kadingo asiifikirie kabisa. Lile jiwe jeusi halipo tena. Usiniulize limekwenda wapi, mawe nayo huchoka kukaa mahali pamoja. Kwenye njia panda ya kile kichuguu kikubwa atajua mwenyewe pa kupita, macho yake yatamwonyesha. Kilimani pa kugeuzia papo, hata magari mawili.

Ukiona mwandiko umepinda leo ni kwa sababu ya viganja, vimechubuka kidogo. Kazi za shamba tu.

Na mwambie Elphas neno moja kutoka kwa mama yake Kadzo. Mwambie gari haliendeshwi kwa hasira. Mwambie akichoka asione haya kusimama. Mwambie ale kabla ya kushika usukani, maana mtu mwenye njaa huona shimo baada ya kuingia. Na mwambie kwamba huku yuko mtu anayemwombea Mungu asubuhi na jioni, ingawa hajawahi kumwona akiendesha.

Ni mimi,
mama yako Dama


Diani
15 Julai 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika mbio, Abdurahman yuko getini na mbuzi wake wanakula maua ya hoteli.

Ni Jumamosi, tarehe 24! Tunatoka Diani alfajiri, Ukunda, Kombani, Kwale, Kinango, kisha tunaingia njia yetu. Kabla ya adhuhuri tutakuwa kwenu. Wageni ni wanne, na mmoja ni kijana anaitwa Ivan mwenye kamera kubwa kama kinu.

Mama, laiti ungeliona hili gari! Limepakwa rangi upya, kijani, na matairi ni mapya yana meno kama mamba. Karibu na gia kuna kijiti kifupi chekundu. Ukikivuta, magurudumu yote manne yanashika, na unasikia chini ya kiti kama ng'ombe ameamka. Kwenye mchanga unapunguza upepo wa tairi kidogo lipate kutanuka kama wayo wa ngamia. Unaliacha lijivute lenyewe, huligombezi.

Elphas ndiye ameniambia hayo.

Salamu zako nimemfikishia. Amesema asante sana.

Mihogo wanakula. Uji tusiwajaribu.

Kadzo


Mwamrombo
Jumapili, 25 Julai 1999

Kwa Kadzo,

Natumaini mlifika salama. Mtu mwingine hapa hajalala vizuri mpaka asikie mlifika.

Jana hatukusema. Wageni walikuwepo, na mambo ya nyumbani hayasemwi mbele ya wageni. Ndiyo maana mlipokuwa mnavaa viatu nilipita njia ya nyuma nikaenda zangu. Baba yako aniambia ulinitafuta. Basi leo nasema.

Kwanza, usidhani nilishangaa kukukuta umeshika usukani, na Elphas wako kando amefungwa mkono plasta. Nilijua. Nilijua tangu ile barua ya mwezi wa sita. Mpishi haulizi mchanga wa mto, Kadzo. Mpishi huuliza kuni ziko wapi na maji yako mbali gani. Nilipofika kwenye jiwe jeusi, "gari likipita kushoto kwake kuna nafasi," nikakunja karatasi nikakaa chini. Nilikaa sana. Baba yako akanijia, akasema, "Dama, waweza kumkataza. Ama waweza kumtengenezea njia. Yote mawili huwezi."

Mwenyewe alijua zamani, mnafiki yule.

Basi nikaenda kwa wanawake wa kisimani. Njia ya zamani ya Kadingo imeliwa na Elinino, ukingo umekuwa ukuta, mchanga wanifika gotini. Tukafyeka njia mpya juu ya kilima, kutoka kwenye kichuguu mpaka pangoni. Wanawake tisa kwa majembe na mapanga. Mashimo tumeyajaza mawe. Lile jiwe jeusi tulitaka liwe ukingo wa pa kugeuzia gari kule juu. Tulilichimbua na kulibingirisha siku nzima, tukaimba mpaka sauti zikatukauka. Sikukuandikia, nilitaka ufike uone.

Na Ijumaa jioni nilikata matawi mabichi, mimi peke yangu, nikayatandika mwanzo wa njia mpya, pale kwenye kichuguu. Kama tulivyofanya alipoletwa bibi harusi wa Kombe. Gurudumu lako la kwanza likanyage majani, lisikanyage vumbi.

Halafu nimekaa pangoni na wenzangu, tumevaa leso zetu nzuri, tunasikiliza. Nasikia mngurumo. Moyo wangu waruka. Kisha nasikia mngurumo wateremka upande wa pili. Upande wa Kadingo. Kadzo mke wa Kombe akanitazama.

Uliyaona matawi yangu. Hakuna asiyeyaona, yalijaa njia. Uliyaona ukageuka ukaenda njia ile ile iliyomvunja baba yako. Nimejiuliza, mtoto huyu amekuwa mtu wa hoteli, njia iliyochongwa na majembe ya wanawake haimfai?

Leso niliyoilaza mchangani chini ya gurudumu lako ni ile ya Idi. Siililii. Nalilia matawi.

Ule vizuri.

Mama yako


Diani
Jumapili, 25 Julai 1999

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii naitia posta kesho Ukunda kwa sanduku la shule, siwezi kumngoja Abdurahman. Uliondoka bila kuniaga. Nilikuita mpaka Ivan akadhani ninapiga hodi upya.

Najua kwa nini umekasirika. Nilikudanganya. Elphas aliteleza bafuni akavunjika mkono, lakini hata kabla ya hapo alikuwa ananifundisha jioni kwenye uwanja wa mpira wa Bongwe, kwa sababu nilimwomba, kwa sababu mama, nikishika ule usukani mwili wangu wote unanyamaza na kusikiliza. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hapo. Leseni nilipata mwezi wa tano. Niliogopa kukuambia kwa ajili ya neno ulilolisema siku ya lori. Miwani ya Abdurahman haina kosa.

Nikusimulie ya njiani, maana hukuyaona.

Kombani tulikunywa chai. Muuza mahamri alimuuliza Elphas, "Kaka, wewe na plasta yako, umekuwa bosi?" Elphas akajibu, "Mimi ni pasenja leo. Dereva ni huyu mrembo, na clutch ni yangu, akiimaliza nitalia." Kinango watoto walitukimbilia wakipiga kelele, "Mwanamke! Mwanamke!" kama wameona twiga. Bi Gillian alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilihisi macho yake shingoni.

Tulipofika kwenye kichuguu tukakuta njia mbili. Ile ya juu ilikuwa mpya, sikuijua, lakini ilikuwa imelainishwa vizuri, nami nilitaka kuichukua. Halafu nikaona matawi mabichi yametupwa barabarani. Elphas akasema, "Simama! Matawi hayo. Kuna gari limekufa mbele, ama daraja limekwenda. Usiende huko kabisa." Bi Gillian naye akasema ni kweli, ni alama. Basi nikageuza, nikateremka Kadingo nikiisoma dua aliyonifundisha baba.

Na Kadingo ikanimeza. Nilivuta kijiti, nikapunguza upepo, sikuligombeza gari, lakini ukingo ulikuwa ukuta. Likakaa. Bi Gillian akatazama saa yake. Nikaona mashuka, mama. Nikaona mashuka yote ya Diani yananingoja kwenye karai.

Halafu nikasikia vigelegele! Nikainua macho nikaona leso zinateremka mlimani, nyekundu na njano na bluu, na wewe mbele unakimbia, mama, wewe ambaye magoti yako hulalamika ukienda kuchota maji! Hukunitazama hata mara moja. Uliitandaza leso yako chini ya gurudumu, ukawapangia wenzako zao mbele yake kama mkeka, ukapiga boneti kofi moja, ukasema, "Haya, dereva. Polepole." Likapanda! Likapanda kama paka! Wageni walikuwa wanalia na kucheka. Ivan alipiga picha mpaka filamu ikaisha, kabla hata hatujaona pango.

Na lile pango! Ulipoita hodi na popo wakatulia, Bi Gillian alinishika mkono. Aliponiambia, "Mama yako aliniambia nisubiri, nikasubiri. Sijui mara ya mwisho nilisubiri lini," nilitaka kukimbia kukuambia. Ulikuwa umekwenda.

Hajaniambia lolote juu ya kazi. Gari lilikwama, na maneno yake yalikuwa wazi. Kesho kutwa ataniita.

Nitukane, mama, lakini niandikie. Kama umeazimia nisishike usukani, sema, nitauacha.

Mwanao,
Kadzo


Diani
30 Julai 1999

Mama! Mama! Mama!

Shikamoo, na nisamehe kwa makelele. Barua yako ya Jumapili imefika leo asubuhi kwa mkono wa Abdurahman. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kumsomea Elphas, na Elphas ameshika kichwa kwa mkono wake mzima.

Matawi yalikuwa yako!

Sikiza mama. Sisi madereva, gari likiharibika barabarani, tunakata matawi mabichi tunayatupa nyuma yake na mbele yake, ili anayekuja ajue kuna hatari apunguze mwendo, ama ageuke. Ndiyo alama, toka Mombasa mpaka Kakamega. Dereva akiona matawi haoni bibi harusi, anaona lori limelala. Kama ungeliacha njia bila jani hata moja, ningepita juu ya kilima moja kwa moja mpaka mlangoni pako! Nilitaka kuipita, mama. Niliitamani ile njia kabla sijajua ni ya nani.

Wanawake tisa. Jiwe jeusi. Na mimi nikakuamini kwamba mawe huchoka kukaa mahali pamoja.

Sasa habari ya Bi Gillian. Aliniita ofisini Jumanne, Elphas naye akaingia bila kuitwa. Akasema, "Bosi, aliyesema tugeuke ni mimi. Huyu alitaka kwenda juu. Na pale mchangani mimi ningekanyaga mafuta nichimbe mpaka ekseli, yeye hakufanya hivyo." Bi Gillian akamwambia, "Nilikuwepo, Elphas. Mimi pia nilisema matawi ni alama." Akaniambia atafikiri. Amefikiri siku mbili nzima, na mimi nimekula kucha zote.

Leo nimemtafsiria barua yako, yote, mpaka pale pa mtu wa hoteli. Nilipofika kwenye matawi alicheka, halafu hakucheka tena. Akafungua droo akatoa ufunguo wa Landirova akauweka juu ya barua yako. Akasema, "Wageni sita wanataka kwenda tarehe 14. Nenda kwa njia ya mama yako." Nikauliza, "Kama mpishi?" Akasema, "Kadzo, usinichoshe."

Usukani ni wangu! Elphas akipona atachukua basi dogo la uwanja wa ndege. Asema vumbi la kwetu limemtosha.

Lakini sijautia ufunguo mfukoni, mama. Uko mezani kwangu. Wewe ulinitengenezea njia, lakini hujasema kwamba neno lako la siku ya lori umeliondoa. Nangoja jibu lako.

Kadzo wako


Mwamrombo
5 Agosti 1999

Kwa mwanangu Kadzo,

Salamu nakupa zile zilizokuwa zimebaki pangoni, zote zimetoka leo.

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya posta na ya Abdurahman, nami kwa haraka nikaanza na ya mwisho. "Mama! Mama! Mama!" Nikadhani umeumia. Nusura niitupe nianze kukimbia kwa miguu mpaka Diani. Siku nyingine anza na neno "mzima."

Nilipofika kwenye matawi nikamwita baba yako. Nikamsomea. Kadzo, baba yako amecheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, na mguu ule ukabaki umenyooka juu kama mlingoti. Nikamwambia, "Wachekani?" Akasema, "Mke wangu, miaka yote ya utingo, kazi yangu ilikuwa gani? Lori likifa, dereva alilala chini ya kivuli, na mimi nilikata matawi nikayatupa barabarani! Mimi! Ungeniuliza!" Nikamwambia, "Ningekuuliza nawe ungekwenda kutangaza kisimani." Akasema ni kweli.

Wanawake nimewaambia nao. Sasa mtu akikosea jambo lolote hapa, hata akiunguza ugali, wanasema ametandika matawi.

Kwa hiyo lile neno la mtu wa hoteli nalirudisha. Lifute hapo lilipo kwenye barua, lipake wino.

Na Elphas mpe salamu zangu, safari hii ni zake mwenyewe, si za kupitishia. Mtu aliyeingia bila kuitwa akasema kweli, mimi nitampikia. Mwambie kwamba baba yako ana nasaha kuhusu mifupa iliyovunjika, asimsikilize.

Sasa neno langu la siku ya lori. Nimelitafakari siku hizi zote nikipita ile njia yetu mpya, maana kila siku naipita, naondoa kijiti hapa, natia jiwe pale, kama mwendawazimu. Niliogopa gari kwa sababu nilidhani gari ni kitu kinachochukua watu. Lakini siku ile pale Kadingo nilisimama nyuma ya gurudumu, nikaona umetoa kichwa dirishani, unasikiliza mchanga kabla ya kugusa chochote. Uso ule naujua. Ndio uso nilionao mimi ninapoita hodi pangoni nikingoja popo watulie. Nikasema moyoni, mtoto huyu hashiki usukani ovyo, huyu anapiga hodi.

Chukua ufunguo utie mfukoni.

Tarehe 14 matawi hakuna, nimeyatoa, mbuzi wa Abdurahman wameyamaliza. Sitatandika kitu. Nitakaa mimi mwenyewe kwenye kichuguu, mwanzo wa njia. Utanijua kwa leso. Ni ile ile. Nimeifua mara tatu na alama ya tairi haijatoka, imekaa katikati kama pambo, na Kadzo mke wa Kombe ananiuliza nimeinunua wapi.

Ukifika usipige honi, utaniogofya. Simama pole, ufungue mlango wa upande wa pili, na wageni uwaambie wasogee. Nataka kuona kutoka ndani kama yale mashimo tuliyajaza sawasawa. Baba yako asema nitatapika. Nimemwambia nitakula kidogo.

Endesha polepole, dereva. Na ule.

Ni mimi,
mama wa dereva,
Dama